Uzi wa Tatu wa Litungu

Inspekta Theodora Luhaga alikuwa ameisikiliza albamu ya Jackson Magige mara nne, mwanzo hadi mwisho, na kila mara alijikumbusha kwamba hiyo ni kazi na serikali inamlipa mshahara.

Nyimbo kumi. Katika zote kumi Jackson alilia, akanguruma, akayavuta maneno kama mtu anayevuta ndama asiyetaka kutoka zizini. Magitaa ya umeme yalikwaruza, ngoma za kompyuta zikadunda, na yeye katikati akalalamika kwamba ulimwengu haukumwelewa. Muziki huo aliuita pop-roki. Kwa miaka tisa alikuwa mwimbaji wa mbele wa Mawe Matatu, bendi iliyopiga harusi na sherehe kutoka Sirari hadi Mugumu. Mwezi wa tatu aliwaaga wenzake kwa ujumbe wa simu, akahamia Mwanza, akanunua jaketi la ngozi. Sasa albamu ilikuwa imetoka, na nyuma ya kava lake palikuwa na mstari mmoja ambao Theodora aliuzungushia wino mwekundu: *Mashairi, muziki na vyombo vyote: Jackson Magige.*

Jalada lililokuwa mezani kwake Mugumu lilikuwa la Mwikwabe Nchagwa, mpiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Wakurya, wa bendi hiyohiyo. Mwikwabe alikutwa ndani ya bwawa la Manchira, karibu na Mugumu wilayani Serengeti, asubuhi ya Jumapili, tarehe kumi na tano Juni. Daktari aliandika kwamba alikufa maji, Jumamosi kati ya alasiri na jioni. Aliandika pia kwamba kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka. Litungu lake lilikutwa juu ya ukuta wa bwawa, limelala kifudifudi, halina hata ufa. Watu walisema aliteleza. Inawezekana. Lakini mtu anayeteleza hang'oi kucha kwenye saruji bila kupiga kelele, na anayepiga kelele hupiga akitumaini kuna wa kumsikia.

Mjane wake alikuwa amefika kituoni Alhamisi. Boke alikuwa mwanamke mfupi, mkulima wa Matongo, na alikataa kiti alichopewa. Aliweka simu juu ya meza, wimbo wa saba ukiwa tayari unapiga.

"Huyu ni mume wangu," alisema.

"Anayeimba?"

"Anayeimba ni takataka. Huyu wa nyuma yake, wa litungu. Nimekaa na mkono huo miaka kumi na minne, afande. Nikiwa jikoni nilikuwa najua amekasirika au ameshiba kwa namna anavyopiga."

"Huenda alipiga zamani, kabla hawajaachana."

"Huenda. Mimi nimekuja kukwambia ni yeye. Ya lini mtatafuta ninyi."

Akachukua simu yake akaondoka.

Theodora aliurudia wimbo huo peke yake, akiwa ameziba sikio moja. Boke alikuwa sahihi, litungu lilikuwapo chini ya makelele, na ndilo lililoufanya wimbo mzima usimame. Kulikuwa na jambo jingine. Litungu lina nyuzi nane. Saba kati ya hizo zilitoa sauti nene, laini, kama zinavyopaswa. Moja ilizomea. Kila ilipoguswa ilitoa mlio mkali wa bati, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Alikwenda stoo ya vielelezo, akalitoa litungu la marehemu kwenye mfuko wake, akahesabu nyuzi. Saba zilikuwa za mshipi wa kuvulia samaki. Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa waya.

Wa kwanza kuulizwa kuhusu waya huo alikuwa Sylvester Mogesi, mpiga ngoma wa Mawe Matatu, kwa sababu ndiye ambaye Matongo nzima ilimnyooshea kidole. Ijumaa, siku moja kabla ya kifo, Sylvester aligombana na Mwikwabe kilabuni mbele ya watu. Wanne kati yao walimsikia akisema, "Nitakuzamisha." Alipoitwa kituoni mara ya kwanza alikuwa amejificha kwa shemeji yake siku tatu, jambo ambalo halikumsaidia.

Safari hii alikuja mwenyewe, vumbi la mashimo ya dhahabu likiwa bado kwenye nyusi. Tangu bendi ivunjike alikuwa akivuta mawe kwa kamba.

"Ulisema utamzamisha," Theodora alisema.

"Nilisema. Nikilewa nasema pia nitagombea ubunge."

"Mligombania nini?"

"Nilitaka tuanze upya bila yule mpumbavu. Nyimbo ni za Mwikwabe, ngoma ni zangu, mwimbaji tungemwokota popote. Kuimba si ni kufungua mdomo tu? Mwikwabe akasema hawezi wiki hiyo, ana kazi ya mtu. Nikamuuliza mtu gani. Hasemi. Nikamuuliza tena. Anacheka tu. Basi nikatoa kisu."

"Ukamkata?"

"Yeye nimkate kwa nini?" Sylvester alimtazama kana kwamba yeye Theodora ndiye aliyelewa. "Nilikata uzi wa litungu. Nikamwambia, haya, nenda kampigie huyo mtu wako na nyuzi saba."

Theodora aliacha kuandika. "Uzi wa ngapi?"

"Wa tatu. Ndio unaobeba wimbo. Ukiukata huo, umekata ulimi."

"Uzi huo ulikuwa wa nini?"

"Wa nini tena? Mshipi. Zote zilikuwa mshipi, tangu tumeanza bendi. Mwikwabe hakuwahi kuweka kitu kingine, alikuwa mbishi kama punda."

"Una uhakika? Mwezi wa tatu, mlipoachana na Jackson, zote zilikuwa mshipi?"

"Afande, nimekaa nyuma ya hilo litungu miaka tisa."

Jumamosi hiyo ya kifo Sylvester alikuwa shimoni tangu asubuhi hadi giza linaingia, na watu sita walikuwa wamekwisha kuandikisha maelezo kwamba walivuta naye kamba. Theodora alimsomea aliyoyasema, akamwonyesha mahali pa kusaini, akamwambia aende nyumbani. Hakumwomba radhi kwa zile siku za kushukiwa. Mtu anayetangaza kilabuni kwamba atazamisha watu hujitafutia mwenyewe.

Swali lililobaki lilikuwa moja, waya ulitoka wapi na lini. Waya wa namna ile, mwembamba, uliosokotwa na kisha ukasokotolewa, Theodora aliujua. Mumewe alikuwa na pikipiki.

Matongo haina upungufu wa mafundi wa pikipiki, kwa sababu haina upungufu wa pikipiki zinazokufa. Aliwauliza watatu. Wa nne alikuwa Tabitha, mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, aliyekuwa amelala chini ya pikipiki isiyo na gurudumu la mbele, pembeni mwa barabara ya kwenda mgodini.

"Shikamoo, afande," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Unamkumbuka Mwikwabe wa litungu?"

Hapo aliinuka, akafuta mikono kwenye tambara. "Namkumbuka. Alipita hapa siku ile."

"Siku ipi?"

"Jumamosi. Kesho yake tukasikia amekufa."

"Alitaka nini?"

"Alitaka kupanda bodaboda ya kwenda Mugumu, na hapa ndipo wanapoegesha. Litungu lake lilikuwa limekatika uzi. Akaniuliza kama nina mshipi. Nikamwambia, kaka, mimi nitoe wapi mshipi, mimi si mvuvi. Nikampa waya wa klachi uliokufa. Akaufumua, akachukua uzi mmoja, akaufunga palepale, akajaribu. Alicheka sana. Akasema hili sasa limekuwa roki."

"Alisema roki?"

"Neno hilohilo. Mimi sikuelewa. Nilimrekodi."

Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Mwikwabe alikuwa ameketi juu ya tairi, kichwa kimeinama, vidole vyake vikipita juu ya nyuzi, na kila vilipofika kwenye ya tatu ule mlio wa bati ulichomoza. Mwishoni alitazama kamera, akauliza kama imeingia. Simu ilionyesha ilirekodiwa tarehe kumi na nne Juni, saa sita na dakika arobaini mchana.

Theodora aliichukua simu hiyo kuwa kielelezo, akamwandikia Tabitha hati, na Tabitha akaisoma hati yote kabla ya kusaini. Theodora alimheshimu kwa hilo. Tangu asubuhi hakuwa amemheshimu mtu mwingine.

Jackson Magige alikuwa Tarime siku hiyohiyo, Jumamosi ya tarehe mbili Agosti, kuizindua albamu yake katika hoteli moja ya Bomani. Picha yake ilibandikwa kwenye kila nguzo kuanzia stendi, mdomo wazi, jaketi wazi, gitaa limeshikwa kama jembe. Theodora alipitia kituo cha Tarime kwanza, akaeleza shughuli yake, akapewa Koplo Wiliam afuatane naye. Wiliam alikuwa Mkurya wa makamo, si msemaji, na alilibeba litungu ndani ya mfuko wake kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

Ilikuwa saa nane mchana. Ukumbini viti vilikuwa vikipangwa na spika zikijaribiwa. Jackson walimkuta kwenye chumba cha nyuma, ameketi mbele ya kioo, miwani ya jua usoni, ingawa chumba hakikuwa na dirisha.

"Kama ni kibali cha sauti, tumeshalipia," alisema.

"Naitwa Inspekta Theodora, nimetoka Mugumu. Ni kuhusu Mwikwabe."

"Maskini Mwikwabe." Alivua miwani, akaikunja polepole. "Nilikwisha kutoa maelezo mwezi wa saba. Nilikuwa Mwanza. Sijakanyaga Serengeti tangu mwezi wa tatu."

"Nimeyasoma. Leo nina maswali ya muziki."

Jackson alitabasamu, akaegemea kiti. Theodora aliona bega zima likilegea. Alikuwa mtu ambaye ukimuuliza habari zake mwenyewe anasahau kwamba wewe ni polisi.

"Uliza."

"Kwenye kava umeandika vyombo vyote umepiga wewe."

"Vyote. Watu hawaamini. Wanadhani mimi ni mwimbaji tu. Mawe Matatu ilinificha, unajua? Ule ulikuwa muziki wa kuchungia ng'ombe. Nilikuwa nabeba watu wawili mgongoni miaka tisa."

"Hata litungu? Kwenye wimbo wa saba kuna litungu."

Alisita, kidogo tu. "Hata hilo. Nimekulia humu. Ni nyuzi nane, si maajabu."

Theodora alimwashiria Wiliam. Koplo alifungua mfuko, akalitoa litungu, akalinyoosha mbele kwa adabu.

"Tupigie huo wa saba," Theodora alisema. "Mwanzo wake tu."

"Hapa? Sasa?"

"Una onyesho baada ya saa mbili. Vidole bila shaka viko tayari."

Jackson alilipokea. Alilipakata mapajani kama gitaa, akaona mikono ya litungu inamchoma kifuani, akaligeuza, akaligeuza tena. Alikwangua nyuzi zote kwa pamoja kwa kidole gumba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya sufuria inayoanguka. Akajaribu moja moja. Hakujua pa kuweka mkono wa kushoto.

Wiliam aliyahamisha macho yake ukutani. "Mura," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kijana kwa Kikurya, "hilo halishikwi hivyo. Hata mtoto analijua."

Jackson aliliweka sakafuni. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Sawa," alisema. "Sawa. Litungu alipiga Mwikwabe. Ni biashara, afande, kava lazima liwe na jina moja, ndivyo duniani wanavyofanya. Alinipigia mwezi wa tatu, kabla sijaondoka. Nilikuwa na rekodi ya zamani, nikaitumia. Kama hilo ni kosa, nipelekeni kwa watu wa hakimiliki."

"Mwezi wa tatu. Una uhakika?"

"Kabisa. Baada ya hapo sikumwona tena."

"Liandike hilo, Koplo," Theodora alisema, na alingoja hadi Wiliam alipomaliza sentensi. Kisha alichukua simu yake, akaupiga wimbo wa saba. "Sikiliza uzi unaozomea. Unausikia? Huo."

"Nausikia. Ni ladha. Ndiyo roki yenyewe."

"Ni waya wa klachi. Tazama hapo chini, uzi wa tatu." Alimwacha atazame. "Hadi Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Juni uzi huo ulikuwa mshipi kama wenzake. Sylvester aliukata kwa kisu mbele ya watu. Waya huu ulifungwa kesho yake, saa sita na dakika arobaini mchana, Matongo, na fundi aliyeutoa alirekodi video. Jioni Mwikwabe alikuwa maiti. Sasa niambie, Jackson, rekodi yako ya mwezi wa tatu iliupataje waya wa mwezi wa sita?"

Kule ukumbini mtu alikuwa akihesabu kwenye kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Jackson aliangalia mlango. Wiliam alisogea hatua moja, akasimama mbele ya mlango huo.

"Kabla hujajibu," Theodora alisema, "nakuonya kwamba unatuhumiwa kumuua Mwikwabe Nchagwa. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili au ndugu."

"Wageni wanakuja," Jackson alisema. "Kuna watu wa redio."

"Wataona."

Aliomba wapitie mlango wa jikoni. Theodora alimwambia gari liko mbele.

Kituoni, kaka yake mkubwa alifika, akaketi kando yake, na Jackson akasema ataeleza. Alieleza vibaya, kama alivyoimba, akianza na yeye mwenyewe kila sentensi. Alikuwa amepanga nyumba karibu na bwawa kwa siku tatu, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Alimwita Mwikwabe aje kupiga, kwa siri, kwa sababu albamu bila litungu ilikuwa imekufa na yeye mwenyewe alilijua hilo. Hata nyimbo zenyewe, alikiri, karibu zote alizitunga Mwikwabe. Walirekodi tangu saa nane hadi saa kumi. Wimbo wa saba ulipokwisha Mwikwabe alifurahi.

"Aliniuliza jina lake litaandikwaje kwenye kava," Jackson alisema. "Mwikwabe peke yake, au Mwikwabe Nchagwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka."

Theodora aliandika neno hilo. "Halafu?"

"Akakichukua kinasa sauti. Akasema basi hakuna wimbo. Akatoka na litungu lake, akapitia juu ya ukuta wa bwawa kwenda barabarani. Nikamfuata. Nikamshika, nikavuta, akavuta. Litungu likaanguka. Akaanguka. Sikukusudia."

"Alianguka majini moja kwa moja?"

"Alishika ukingo kwa mkono mmoja. Hakujua kuogelea." Jackson alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama sakafu. "Aliniita."

"Akisemaje?"

"Jina langu tu. Jackson."

"Ukafanya nini?"

"Kinasa sauti kilikuwa kimeanguka kwenye saruji. Nilikiokota nikaangalia kama kimeharibika."

"Kilikuwa kimeharibika?"

"Hapana."

Theodora aligeuza ukurasa. "Na litungu? Kwa nini uliliacha?"

"Nani angelitaka?" Jackson alisema.

Ilichukua saa moja na nusu kuyaweka yote kwenye karatasi. Theodora alimsomea ukurasa baada ya ukurasa, kama sheria inavyotaka, naye alisikiliza kichwa kimeinama. Hakupinga mahali popote, hata pale palipoandikwa kucha, hata pale palipoandikwa kwamba aliondoka wakati mtu bado anaita. Aliinua kichwa kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hapo pana kosa," alisema.

Kaka yake alishtuka. Theodora alirudisha karatasi. "Wapi?"

"Umeandika nyimbo tisa kati ya kumi zilitungwa na marehemu. Si kweli. Ni nane. Wimbo wa pili pia nilitunga mimi."

"Upi huo?"

"'Bebi Usiende Nairobi.'"

Theodora aliukumbuka. Aliutazama uso uliokuwa mbele yake, ukisubiri kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu mchana ukiwa na ukweli ndani yake.

"Huo nakuamini," alisema.

Akakata *tisa*, akaandika *nane* juu yake, akamsogezea kalamu na kumwonyesha mahali pa kusaini kwenye masahihisho.